Kwa Awuor, Kabla Hujaumega Mkate wa Gatina

Mwanangu Awuor,

Watu hawaandikiani barua kutoka Kianda kwenda Kawangware, najua. Leo asubuhi Mama Shiru alipita mlangoni akanikuta nimeketi juu ya kitanda chako nikikunja sweta ambayo tayari ilikuwa imekunjwa, akaniuliza kama unaenda Kanada. "Ni Gatina tu, hapo Kawangware, Mama Awuor. Panda juu ya mabati utamwona akianika nguo." Nilicheka ili aondoke.

Sasa ni Jumamosi jioni. Umeenda Olympic kuagana na wenzako, nami nimekuambia usichelewe, ingawa kwa mara ya kwanza natamani uchelewe kidogo ili nimalize kuandika. Sitakuandikia habari za soksi wala za dawa ya kifua. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Naandika kwa sababu Alhamisi uliniuliza swali nikasema "tutaongea," na hatujaongea, na kesho asubuhi unahamia kwa babako.

Ulikuwa unapanga vitabu. Hukugeuka hata kunitazama. Ulisema, "Mum, Jumapili nikiwa kwa kina Mama Baraka, mkate ukinifikia, nile ama nipitishe?" Kisha, kabla sijajibu: "Usiseme sawa kama si sawa. Afadhali nipitishe."

Mtu mwingine angeona ni swali dogo. Kanisa la babako na mkewe, Mama Baraka, hukutana katika darasa la chekechea ambalo yeye mwenyewe hufundisha siku za juma, na kila Jumapili sahani ya mkate hupita mkono kwa mkono kwenye vile viti vya watoto. Kwetu Meza ya Bwana huandaliwa mara nne kwa mwaka. Wewe umemaliza darasa la katekisimu juzi tu, na Meza yako ya kwanza ilikuwa ikikusubiri Pasaka, kanisani kwetu, ukiwa kando yangu. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Nilikuwa nimeshachagua hata benchi. Sasa unaniuliza kama unaweza kula kesho, kwa mwanamke mwingine.

Nikuambie kwanza kwa nini nimekuwa nikiitetea hiyo mara nne kama mtu anayetetea shamba la babake.

Nilipopata mimba yako nilikuwa na miaka kumi na minane, nikiimba kwaya ya vijana. Wazee wa kanisa walinitenga na Meza. Hawakufanya kwa ukatili. Walinisomea utaratibu kwa sauti ya upole, na mmoja wao akanivutia kiti. Babako hakutengwa, kwa sababu wakati ule hakuwa mshirika wa kanisa lolote, na huwezi kumtoa mtu mahali ambapo hajawahi kuingia. Siku zile, Jumapili ya Meza, mahubiri yakiisha, wasioshiriki walitoka nje na mlango ukafungwa. Nilitoka pamoja na watoto wa shule ya Jumapili na mzee mmoja mwenye wake wawili, ambaye alikuwa amezoea kiasi cha kuja na gazeti. Niliketi kwenye ngazi nikikunyonyesha, na kutoka ndani nikawasikia wakiimba ule wimbo wa polepole wa kupitisha vikombe. Yule mzee alishusha gazeti akaniambia, "Usilie, msichana. Wewe utarudi. Mimi ndiye nimekwama, sina wa kumfukuza."

Nilirudi. Ulikuwa na miaka minne. Walinisimamisha mbele ya kanisa zima, wewe umeshika sketi yangu na kuuliza kwa sauti kwa nini hatuketi. Nikaulizwa maswali, nikajibu, kila mzee akanipa mkono, na siku hiyo hiyo ukabatizwa. Nilipopewa kile kipande cha mkate, kidogo kama kifungo cha shati, mama aliyekuwa kando yangu alinishika mkono.

Unaona? Nilikuwa nimekingoja kitu hicho nje ya mlango tangu ulipokuwa tumboni. Tangu siku ile, kila Meza ikikaribia, nafunga Jumamosi nzima. Halafu nikaja kusikia kwamba kuna mahali kinapitishwa kila wiki, na babako, ambaye hakuwahi kukaa kwenye ngazi zile hata asubuhi moja, anakipokea akiwa amekunja nne. Nilikuambia kwamba kitu kitakatifu hakizoewi. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa heshima. Sehemu kubwa ilikuwa wivu, na wewe ulijua kabla yangu.

Unajua nilivyo. Ofisini wananicheka kwamba mimi ndiye karani pekee wa masjala anayerudi kutoka stejini kuangalia kama amefunga kabati. Nikipokea faili naikagua, naikagua tena, kisha naipeleka huku moyo ukinidunda kana kwamba nimeiba. Hivyo ndivyo nilivyokulea pia. Nilikukagua. Kwa hiyo ulipoanza kwenda Gatina wikendi na likizo, niliona kila kitu. Niliona mikono yako ikirudi na harufu ya hamira, kwa sababu Jumamosi mchana mlikuwa mkikanda unga wa mkate wa kesho pamoja. Niliona unakoroga chai kwa namna nyingine. Kila habari yako ilianza na "Mama Baraka anasema." Mama Baraka anasema chumvi itiwe mwisho. Mama Baraka anasema mtu asilale na hasira. Nilikuwa nikijiuliza huyu mwanamke hunyamaza saa ngapi.

Likizo ya Aprili ulirudi umesukwa. Mistari iliyonyooka, ya mtu mwenye subira. Mimi nikisuka mistari hupinda kama vichochoro vya hapa. Nilikuambia zimebana, zitakung'oa nywele, nikakuketisha katikati ya magoti yangu nikazifumua zote. Zilikuwa na shanga mbili nyeupe mwishoni. Nilikuona ukizitia mfukoni.

Jumapili iliyofuata ulienda Gatina nywele zimesimama, na Jumamosi baada ya hapo simu za Mama Baraka zikaanza.

"Mama Awuor, habari za jioni. Nilikuwa tu nakusalimia. Kuna neno lolote?"

"Hakuna."

"Basi sawa. Uwe na Jumapili njema."

Mara ya kwanza nilidhani ana jambo ameshindwa kulisema. Akapiga tena Jumamosi nyingine, na nyingine, saa ile ile, maneno yale yale. Nikaona ananichokoza. Anataka nilalamike, apate la kusimulia. Siku nyingine nilijibu kwa ukavu, siku nyingine nilikata. Nakumbuka nilikuuliza, "Neno gani? Anataka neno gani kwangu? Mimi ni redio?" Wewe ukaendelea kuosha vyombo.

Kisha ikaja jioni ile tuliyokuwa tukila omena, ulipoamua kubishana nami waziwazi.

"Mum, kwani wewe unakula ugali mara nne kwa mwaka ndio usiuzoee?"

"Usifananishe."

"Sifananishi, nauliza tu. Yesu alisema mara ngapi?"

"Alisema tufanye kwa kumkumbuka."

"Basi wewe unamkumbuka mara nne."

"Awuor."

"Sori. Lakini si ni ukweli? Hapa kwetu watu wanajitayarisha, wanafunga, mzee anakuja na kadi. Halafu wakishakula wanapumzika miezi mitatu. Kwa kina Baraka hakuna kupumzika. Kila Jumamosi, kama uko na neno na mtu, lazima umpigie, ndio Jumapili ushike mkate. Hata huwa inachekesha. Babangu alimpigia landilodi."

"Alimpigia landilodi?"

"Landilodi akadhani anataka kuhama."

Tulicheka sote wawili. Kisha mimi nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimezielewa simu za Jumamosi.

"Na huyo mtu akikataa kushika simu?" nikauliza.

"Unapitisha sahani. Unangoja wiki ingine." Ukachukua omena moja ukaiangalia sana. "Mama Baraka hupitisha saa zingine."

Hukusema ni kwa sababu ya nani. Ungeweza kusema.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Mtu mwema, akishaelewa vile, angeshika simu Jumamosi iliyofuata. Mimi niliacha kushika kabisa. Nilikuwa naiweka simu mezani, jina lake likiwaka, nami namenya viazi. Nilijua kwamba wakati huo kuna mwanamke Gatina ameosha unga mikononi anasubiri nimpe nafasi ya kula mkate aliouoka mwenyewe. Ofisini sina mamlaka hata ya kutoa faili nje ya chumba bila saini ya mtu mwingine. Hapa nilikuwa na mamlaka, na ilikuwa tamu. Nilikuwa nikiwaza: leo mtoto wangu atamwona akipitisha. Leo hatasema "Mama Baraka anasema."

Wewe uliniambia baadaye, bila hasira, tukiwa tunaanua nguo. "Sahani ikimfikia anampa mtu wa kando. Halafu anaweka mikono hapa." Ukaonyesha mapajani. "Watoto wa darasa lake wote wanaona. Baraka akamuuliza, 'Mami, hauskii njaa?'" Nilikuuliza kama pegi zimetosha.

Na katikati ya miezi hiyo ikaja Meza yetu ya mwezi wa kumi. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alitembea kutoka kijiji cha Raila na kadi zake, akaketi hapa, akanywa chai, akauliza kama anavyouliza kila mara, "Mama Awuor, kuna neno kati yako na mtu yeyote?" Simu ilikuwa mezani kati yetu. Nikasema, "Hakuna, mzee." Akanipa kadi ya kuingilia Mezani. Jumamosi nilifunga, hata chai sikugusa, na jioni simu ya Gatina ikalia nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Kesho yake nilivaa nguo nyeupe, nikaingia, nikala.

Ulikuwa benchi la nyuma na wenzako wa katekisimu. Niligeuka nikakuona unanitazama kama unavyoitazama hesabu iliyokataa kutoka. Tangu siku ile sijalala vizuri, na nilikudanganya kwamba ni kikohozi cha majirani.

Kwa sababu nimeifanya hiyo hesabu mwenyewe, Awuor, na inakataa kutoka kwa upande wangu. Siku zote nimesema mara chache ndiyo heshima, kwamba wale wa kila wiki wanakula mkate wa Bwana kama mandazi ya asubuhi. Lakini Jumapili ile yule wa kila wiki alijizuia kwa ajili yangu, na mimi wa mara nne, niliyefunga, niliyevaa nyeupe, nilikula nikiwa nimemkalia mtu kooni. Uchache haukunilinda. Kufunga hakukunilinda. Uchache ulinipa tu muda mrefu, miezi mitatu kamili, wa kulifuga neno langu mpaka likawa la nyumbani.

Leo ulipotoka tu, nilimpigia Mama Baraka mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, maana hata kuomba ruhusa ya nusu siku huwa naandika kwanza. Akashika haraka sana.

"Mama Awuor. Kuna nini, mtoto ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni Jumamosi."

Kisha akasema, "Leo umeniwahi. Mimi huanza jioni."

Nikamsomea karatasi yangu. Kwamba nina neno naye. Kwamba nilizifumua nywele ukiwa hujalalamika kuumwa. Kwamba simu zile niliziacha zilie.

"Ulikuwa unajua zilikuwa za nini?"

"Mwanzoni sikujua. Baadaye nilijua."

"Ehe." Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. "Haya, na mimi nikuambie, ndio tusidanganyane. Kuna Jumamosi zingine nilikuwa napiga nikiomba usishike."

"Kwa nini?"

"Ukishika, lazima nikuongeleshe vizuri na mimi bado nimekasirika. Mtu nimemsuka mchana mzima, vidole vimeniuma. Usiposhika, napitisha sahani, watu wanasema huyu mama kweli anamcha Mungu. Nimejaribu, si ndio? Nilikuwa nimeanza kuipenda hiyo. Mpaka Awuor akaniharibia."

"Alikuambia nini?"

"'Mama Baraka, Mum unampigia mara moja tu. Fundi wa maji unampigia mpaka ashike.'"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye pia akacheka, na kwa muda hatukuweza kuendelea. Hukuwahi kuniambia kwamba na yeye ulikuwa unamkagua. Nilidhani unanikagua mimi peke yangu. Hata hilo lilinitia wivu kidogo.

"Na usifikiri wivu ni wako peke yako," akasema. "Huyu mtoto akiwa hapa ni Mum wangu, Mum wangu. Mum wangu anaandika barua rasmi. Mum wangu hukata nyanya hivi. Mimi na nyanya zangu nikaamua kukaa kando."

Hapo nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nalo tangu jioni ya omena. Nilimuuliza kwa nini kila Jumapili, na kama hawachoki.

"Tunachoka," akasema. "Nisikudanganye. Kuna Jumapili nameza tu, nafikiria nguo niliyoacha kwenye kamba na mawingu yale. Wewe na kufunga kwako labda hujawahi kumeza hivyo. Lakini mimi najijua, Mama Awuor. Nikipewa miezi mitatu ya kukaa na hasira, nitaijengea chumba. Ikikaa wiki moja haijapata hata jina. Na kuna kitu kingine. Nikikosa wiki moja nasikia njaa, naenda kurekebisha. Nyinyi mkikosa, si mnangoja mpaka mnasahau mlikosea nini?"

Nilitaka kumwambia habari za mlango na ngazi, lakini niliona si za simu. Labda siku moja.

"Basi," akasema, "kuna neno?"

"Limebaki kidogo."

"La nini?"

"Nilikuwa nimepanga kuwa kando yake. Mara ya kwanza. Nilikuwa nimechagua benchi."

Kisha akasema, "Sahani hutoka kwa mtu wa kando. Kuja kesho uketi kando yake. Mimi nitakaa upande ule mwingine." Halafu, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea: "Viti ni vidogo, lakini umekonda."

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria tangu wakati huo mpaka sasa, kalamu mkononi.

Mara ngapi, basi? Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekuandikia hapa kwa herufi kubwa. Aliyetuachia hakutaja hesabu, na watu wazuri wamepishana. Nyanya yako ameishi maisha yake yote kwa hizi mara nne, na sijaona mtu anayeomba msamaha haraka kama yeye. Huomba hata kwa kuku. Kwa hiyo usije ukarudi hapa na kuwacheka wazee wetu na kadi zao. Mtu kukujia nyumbani, akaketi, akakuuliza uso kwa uso kama una neno na jirani, hiyo si kazi ndogo. Alichokosa yule mzee ni jibu la kweli, na la kweli nilikuwa nalo mimi.

Lakini mimi nilivyo, mwoga, mwepesi wa kuficha, naona sasa kwamba mara nne zilinipa mahali pengi pa kujificha. Nadhani ningekuwa naulizwa kila wiki ningechoka kudanganya mapema. Na wewe ni mtoto wangu. Una subira kuliko mimi, lakini ukiudhika hunyamaza, na kunyamaza kwako najua kulikotoka. Kwa hiyo pengine kule ni kuzuri kwako. Nimeiandika sentensi hiyo na kuisoma tena, na sijaifuta.

Ninachokuomba si kirefu. Usile kwa sababu kila mtu anakula, wala usipitishe ili uonekane unapitisha. Mama Baraka na mimi tumefanya yote mawili, kila mmoja lake, na sote tulikuwa tumevaa vizuri. Na siku ukimpigia mtu Jumamosi, mpigie kama fundi wa maji.

Mambo mengine yananiuma na hayana dawa, nitayasema tu yatoke. Yeye ndiye atakayekuona asubuhi kabla hujaosha uso. Yeye ndiye atakayekusikia ukiongea usingizini, yale majina ya mito na maziwa unayoyataja wakati wa mitihani. Ukipata alama nzuri atajua mchana na mimi nitajua jioni. Nimejaribu kutolihesabu hilo kama kosa lake. Leo nimefaulu, kesho sijui.

Na kuna jambo la mzee wetu. Jumatatu nikitoka kazini nitapitia kwake nimwambie kwamba mwezi wa kumi nilimjibu uongo na nikala. Naogopa, Awuor. Nimeandika kwenye karatasi nitakavyoanza, na mwanzo wenyewe nimeubadilisha mara kadhaa. Anaweza kuninyima kadi ya Pasaka. Wazee wanaweza kuniita tena kwenye chumba kile cha nyuma. Siku hizi mlango haufungwi, lakini benchi la nyuma bado lipo, na washirika wanajua maana ya mtu mzima kuketi pale siku ya Meza. Ukija Pasaka ukinikuta huko, usije kuketi nami kwa huruma. Nenda mbele na wenzako, ule, ndipo uje unitafute nje tuende nyumbani tukapike.

Sasa nakusikia kwenye ngazi, unaongea na Shiru, nami bado sijaandika lile uliloniuliza.

Kula. Usingoje Pasaka kwa ajili yangu, wala usingoje mpaka mimi nimalizane na wazee wangu. Nimeulizwa kama ni sawa, na ni sawa, na bado naona wivu, na hivyo viwili vimekaa ndani yangu pamoja kama tulivyokaa mimi na wewe katika chumba hiki kimoja, tukigongana viwiko.

Kesho nitakusindikiza na nitaingia. Nitaketi kando yako kwenye kiti cha mtoto, na Mama Baraka atakaa upande wako mwingine. Nimemtumia ujumbe kumwambia nimekubali, na kuuandika kulinichukua muda mrefu kuliko barua hii. Mimi sitakula. Nina jibu ninalodaiwa na mzee wangu, na nisingependa kula tena kabla sijalitoa. Sahani ikinifikia nitaishika kwa mikono miwili na kukupa wewe. Usinitazame. Chukua.

Mama yako